Wanataka kuchoma kitabu alichoacha baba wa binti yangu

Mwenye ukurasa, nifichie jina, maana Kindu ni mji mdogo na mawifi zangu husomewa gazeti hili kila linapofika. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, nakaa Mikelenge, mjane mwenye binti mmoja wa miaka saba. Mume wangu alifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Wabelgiji huko Kama. Msimu wa mvua uliopita udongo uliwaangukia yeye na wenzake, akafa, wakamzika kulekule. Mwanangu hajui mpaka leo.

Si mimi niliyetaka kumficha. Siku habari ilipofika, wifi yangu mkubwa alimpeleka mtoto kijijini Tunda kwa bibi yake kabla kilio hakijaanza, kisha akaniambia, "Mutoto hawamuambie kifo, matanga haiyaisha. Umuambie baba yake iko safari." Ndivyo ilivyo desturi yao, na matanga hayamalizwi mpaka kiangazi, ndugu wote wakikusanyika. Mtoto aliporudi alinikuta nimenyolewa nywele. Nikasema ni joto. Aliamini, masikini.

Likizo yake ya mwisho, mume wangu alikuja na kitabu cha picha ambacho watoto wa mzungu wake walikitupa. Ni habari za mtu mwenye nguvu kupita wote. Anafunga kitambaa usoni, anavaa joho mgongoni, anaruka angani, anainua gari-moshi kwa mkono mmoja. Jalada lilikuwa limechanika, mume wangu akalishona kwa sindano na uzi mweusi. Kila jioni alimpakata binti yake akimgeuzia Kifaransa kwa Kiswahili, na milio ya ngumi akiipiga kwa mdomo wake mwenyewe, mpaka mimi jikoni nashika mbavu. Sasa, huyo mtu wa kitabuni kila akienda kuokoa watu huwaaga wa nyumbani kwake, "Naenda safari." Balaa lilianzia hapo.

Juzi juzi tulikuwa mtoni tunaloweka mihogo, nikasikia mayowe. Binti yangu alikuwa amepanda mtumbwi uliofungwa kando, akaita "Baba!" kwa nguvu zake zote, akajirusha majini. Jirani yangu alimkamata kwa nguo, maji yameshamfunika. Nilimuuliza nani amemsukuma. Akanitazama kama mimi ndiye mtoto.

"Hakuna muntu, mama. Niliruka. Yeye anakuja wakati muntu iko karibu kufa. Baba amechelewa tu."

Nililia pale matopeni bila haya.

Habari ikafika misheni. Kamati ya wazazi ikakaa kuamua kama vitabu vya namna ile vinafaa kuingia kwenye nyumba zetu. Karani mmoja akasema, "Muntu anaficha uso, anaruka bila mabawa? Kwetu uyu njo mulozi!" Watu walicheka kusikia uchawi ukitajwa, lakini wakaafiki. Vitachomwa siku ya sikukuu ya parokia, mwezi ujao. Na kwa kuwa nilijifunza Kifaransa kidogo kwa masista, mimi ndiye nimepangiwa kusimama mbele ya wote, watoto wakiwepo, nieleze ubaya wa kitabu hicho.

Basi nimekisoma tena chote. Makosa yapo, sikatai. Kila ugomvi unaishia kwenye ngumi, na wanawake wa mule ndani hawana kazi ila kupiga kelele dirishani. Lakini yule mtu haonei wanyonge wala hadai malipo, na mengine anayofanya ningependa wanaume wetu wayaige. Kinachoniumiza ni kwamba mule ndani hakuna anayekufa. Kila anayeanguka anadakwa. Hata walioangukiwa na mlima wanatolewa wazima, wanajikung'uta vumbi na kwenda zao. Nilipofika hapo nilikifunga.

Kitabu hakikumdanganya mwanangu. Tuliomdanganya ni sisi. Nikisema hivyo siku hiyo, atajua mbele ya umati kwamba baba yake amekufa, na wifi yangu ameshaapa, "Ukifungua kinywa, mutoto tunamuchukua. Njo wa kwetu." Huyo hatanii, namjua. Nikisema kitabu ndicho kibaya, nitakitia motoni kwa mkono wangu kile alichokishona marehemu, na mwanangu ataendelea kungoja. Sijui atajirusha wapi tena.

Jana alinikuta nacho mapajani. Ameshasikia kwa wenzake kwamba kitachomwa. Hakulia. Aliugusa ule uzi mweusi, akaniuliza, "Mama, wakichoma kitabu, baba atarudi kupitia wapi?"

Nilimkumbatia tu. Ninyi mnaosoma ukurasa huu, na hasa wajane wenzangu, nisaidieni kabla sikukuu haijafika. Nimjibu nini mwanangu?