Siku Kumi za Mkono wa Mama

Jina alilopewa na wazazi wetu, kaka yangu alilipoteza kazini. Amefunga plasta kwenye chumba cha majeruhi miaka kumi na tisa, na sasa mtaa mzima unamwita Plasta. Hata mama.

Maradhi yale yalipoingia na watu wakaamriwa kubaki majumbani, alihamia chumba cha kupanga mkabala na hospitali ili asituambukize. Mimi nilidhani angalau atapumzika. Magari hayakuwepo barabarani, kwa hiyo waliogongwa nao hawakuwepo. Wiki ya kwanza alinipigia simu mara tano kwa siku kulalamika.

"Tangu asubuhi nimefunga vidole viwili. Vidole, dada!"

"Mshukuru Mungu basi."

"Sina raha. Watu hawajaacha kuumia. Wako wapi?"

Wiki ya tatu akawaona. Waliofungiwa ndani walianza kuvunjikia ndani: mzee mzima kapanda paa kuziba tundu alilolivumilia miaka minane, mtoto karuka kutoka juu ya kabati, mke "kateleza bafuni" na mume kasimama pembeni akimjibia kila swali. Hao wa bafuni walimkosesha usingizi. Na karibu wote walichelewa kuja kwa kuogopa kuambukizwa hospitalini, mifupa ikiwa imeanza kuunga vibaya. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimegeuzwa wodi ya wanaopumua kwa mashine, kwa hiyo hata mfupa uliohitaji vyuma uliambulia plasta. Kaka aliwafokea wagonjwa bila simile. "Siku nne na mguu kama huu? Ulikuwa unasubiri nini?"

Lakini sisi ndugu zake alituambia kinyume. Kila asubuhi alituma ujumbe wa sauti kwa ukoo mzima: "Mtu asikanyage huku! Huku ndiko ugonjwa uliko. Iwe homa, iwe jipu, kaeni nalo huko huko." Mama aliusikiliza kama amri ya serikali.

Mama ni fundi cherehani. Siku zile alikuwa akishona barakoa asubuhi mpaka jioni. Alipanda kigoda kufikia jora la kitambaa juu ya kabati, kigoda kikaserereka, akaangukia mkono wa kulia. Kifundo kikavimba na kupinda.

"Nimeteguka tu," akasema. "Na Plasta asisikie. Atatoka mbio kuja huku na hayo maradhi yao."

Nikakubali. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilikubali. Nikamning'iniza mkono kwa mtandio, nikamkanda, na kaka alipopiga simu nikaishikilia sikioni mwa mama.

"Mbona sauti iko mbali?"

"Nimejinyoosha tu, baba."

Siku ya kumi vidole vikafa ganzi. Nikapiga moyo konde, nikampeleka bila kuuliza mtu.

Kaka alikuwa ameinama akichovya bandeji kwenye ndoo. Alisikia hatua zetu, akaanza kufoka kabla hajainua kichwa. "Haya, wewe naye umevunjika lini?"

"Leo siku ya kumi," mama akajibu.

Akainua kichwa. Bandeji ikamponyoka, ikazama ndooni. Mama alipigwa sindano ya ganzi, kaka akauvuta ule mkono mara mbili nami nikishikilia kiwiko. Picha ikaonyesha mfupa haujarudi mahali pake. Daktari akasema panahitajika vyuma, na pa kuvitilia hapapo.

"Siku ya kwanza ungerudi kwa kuvutwa tu," akaniambia mimi. Kaka alisikia.

Kaka akaufunga mkono plasta hivyo hivyo, na wiki ya sita akaja nyumbani kuitoa mwenyewe. Kifundo kilikuwa kimepinda na kidole gumba hakikuweza kukutana na wenzake. Mama akaomba mkasi wake. Ukaanguka. Akaujaribu tena, ukaanguka tena. Kaka alikuwa akienda na kurudi baina ya mlango na dirisha mpaka nikahisi kizunguzungu.

"Mama, nigombeze. Mimi ndiye niliyewakataza kuja."

"Nikugombeze kwa lipi? Ulikuwa unatulinda."

Maneno hayo yalimkata maini. Nilimjua ndugu yangu, alitamani atukanwe, na mimi pia nilitamani.

Mama akausukuma mkasi mezani mpaka mbele ya kaka, pamoja na kitambaa chenye mistari ya chaki. "Basi kata wewe. Fuata chaki."

Akakata upesi upesi, na mstari ukaenda kombo. Mama akakichukua kile kipande kwa mkono wa kushoto, akakigeuzageuza, akakitupa sakafuni.

"Kibaya," akasema. "Kata kingine."