Kikombe cha Baba

Maziwa ndiyo yaliyotaka kumuua baba yangu, na walioyaleta walikuja na salamu na dua.

Figo zake zilikuwa zimechoka, haziwezi tena kutoa maji mwilini. Daktari alimwambia anywe vikombe viwili tu vya maji kwa siku, apunguze chumvi, aache ndizi. Ndizi! Hizo ni chakula cha wakulima wa mtoni. Sisi ni wafugaji, baba alikuwa akimaliza kibuyu cha maziwa akiwa wima. Kutaja maziwa kungemgharimu nini daktari yule?

Tuliporudi nyumbani Minjila kutoka hospitali nikamtengea kikombe cha bati, nikawaambia wote kwamba hicho ndicho kipimo chake. Mafuriko yalikuwa yamekauka, nyasi zimeota, na ng'ombe waliosalia walikuwa wanakamuliwa vizuri. Kila aliyekuja kumjulia hali akaja na kibuyu. Kwetu mgonjwa hupewa maziwa, na akiyakataa amekutukana wewe na ng'ombe wako. Baba akanywa ya kila mmoja. Miguu ikavimba, viatu vikagoma kuingia, kisha akawa hawezi kulala ila ameketi, anahema kwa shida.

Siku shangazi, dada yake mkubwa, alipoleta kibuyu chake, nilishindwa kunyamaza.

"Shangazi, daktari amekataza."

"Amekataza maji," akanijibu. "Haya ni maji? Umesoma mpaka maziwa huyajui?"

Wageni wakaitikia kwamba amesema kweli. Mtu anazama mbele ya macho yao, na wao wanabishana anazama kwenye nini.

Nikampokonya baba kibuyu, nikatoka nje, nikayamwaga maziwa yote mchangani. Kwetu hata mwendawazimu hafanyi hivyo. Shangazi akapiga yowe. Akasema nimewalaani ng'ombe, na kwamba baba akifa, nimemuua mimi.

Nikamgeukia baba anitetee. Macho yake yalikuwa mlangoni, kwenye doa jeupe lililokuwa likikauka, na koo lake likipanda na kushuka.

"Nilijua maziwa nayo ni maji tu," akasema polepole. "Lakini ningemkatalia nani?"

"Basi nitawakatalia mimi."

Nikamtilia maji nusu ya kikombe cha bati. Akanywa akinitazama kama adui, nami nikasimama palepale mpaka alipomaliza.