Diski Niliyoificha Kwenye Kasha la Harusi

Haya nayaandika huku nacheka peke yangu, lakini siku yenyewe sikucheka, nilitamani sakafu ipasuke inimeze na mwiko wangu mkononi, na hadi leo nikienda bombani kuteka maji wanawake wenzangu wa kambi ya polisi wananiita "Mama Sinema", nami naitika, nifanyeje.

Kosa lilianza dogo. Ilikuwa imetoka dokumentari moja kuhusu uchaguzi uliopita, na mabishano yake yakawa kila mahali, sokoni Nakasero muuza nyanya anasema ni uongo mtupu, muuza vitunguu anamjibu ni kweli tupu, kumbi za sinema zikaogopa kuionyesha, basi waliotengeneza wakaitoa kwenye diski watu wajionee nyumbani. Mimi (sikusoma sana, niliishia darasa la saba, labda ndiyo maana naogopa kusema jambo nisilolijua) nikaona si haki kusifu wala kulaani kitu ambacho sijakiona. Nikaenda kwa Papa Eritie, Mkongomani anayeuza filamu kule Kibuli.

"Mama, hii ficha vizuri," akaniambia. "Bwana yako ni polisi."

Nikaificha vizuri. Vizuri mno! Nilitoa diski ya harusi yetu kwenye kasha lake, lile lenye picha yetu tukikata keki, nikatia dokumentari humo, nayo ya harusi nikaisukuma chini ya godoro, nikawa nangoja siku ambayo Okello, mume wangu, atakuwa zamu ya mchana. Nilijiambia harusi yetu kila mtu hapa kambini ameshaitazama akachoka, nani ataitaka tena? Nikasahau (mimi niliyekulia kambi hizi hizi, baba askari, mume askari!) kwamba mgeni mpya akiingia nyumbani, kabla chakula hakijaiva, lazima awekewe video ya harusi.

Na mgeni akaja. Jumapili hiyo alikuja Afande mkuu wa kambi mwenyewe, na mke wake. Sisi tunakaa kwenye kibanda cha bati cha mviringo, chumba kimoja na watoto wanne, vibanda ambavyo kambini tunaviita "mama ingia pole" kwa sababu usipoinama mlangoni unaacha paji la uso hapo, na sasa kulikuwa na nyumba ya matofali imebaki wazi, vyumba viwili, na Afande alikuwa anapita kuona kwa macho yake nani anaistahili. Okello alipiga pasi hata soksi.

Mimi nilikuwa nje kwenye sigiri nakoroga mchuzi wa karanga, nimevaa fulana yangu ya kupikia, nikamsikia Okello anasema kwa sauti ya asali, "Afande, wacha niwawekee harusi yetu muone." Akili yangu haikuwahi kufika. Nilichosikia baada ya hapo hakikuwa kwaya. Zilikuwa filimbi, mayowe, na milio ya mabomu ya machozi.

"Eh!" mke wa Afande akasema. "Kumbe harusi yenu ilikuwa na watu wengi hivi?"

Nikaingia mbio (bila kuinama, nundu yake nilitembea nayo wiki nzima), nikasimama mbele ya televisheni nimetanua mikono, mwiko unadondosha karanga kwenye zulia, na Okello anabonyeza rimoti, rimoti haitii, maana betri zake nilikuwa nimezihamishia kwenye tochi.

"Mama, toka hapo," Afande akasema polepole. "Tunatazama harusi."

Nikatoka. Sasa, msimulizi wa filamu alikuwa anaeleza jinsi wananchi wanavyovutwa kwa fulana za bure, akasema hebu tumwangalie mama mmoja, na mama huyo alikuwa mimi. Niko kwenye mkutano wa chama kimoja, nimevaa fulana yao, nazungusha kiuno. Picha ikabadilika, mkutano wa chama cha pili, fulana yao, kiuno kilekile. (Kote kuwili nilikwenda kwa nia njema, si vizuri kusikiliza upande mmoja tu. Ila fulana sikuzikataa.)

Mke wa Afande akaitazama televisheni, akanitazama mimi.

"Huyu si wewe?"

"Tunafanana tu, madamu."

Afande aliinua kidole akanionyesha kifuani. Nikainama kutazama. Ile fulana yangu ya kupikia ndiyo ileile ya chama cha pili, na mchuzi umemwagika juu ya uso wa mgombea.

Okello ameishika ile rimoti kama anaiaga.

"Sasa mbona kwa hawa wa pili umecheza vizuri zaidi?" Afande akauliza.

Ningeweza kudanganya, nilishaanza hata. Lakini nikasema, "Afande, kule muziki ulikuwa mzuri zaidi. Ila wale wa kwanza walitupa soda."

Alicheka akapiga ukuta kwa kiganja, bati lote likanguruma. Kisha akafuta macho, akairudisha diski kwenye kasha, akasema anaichukua kama kielelezo cha ushahidi, wakala chakula, wakashukuru, wakaondoka na picha yetu ya keki.

Nyumba alipewa koplo mwenye watoto saba. Sitaki kumsingizia Afande kwamba ni kwa ajili yangu, saba ni wengi kuliko wanne, hata mimi ningempa yeye. Okello alininunia siku kadhaa, mpaka asubuhi aliyojigonga mlangoni akitoka, akajishika kichwa akasema, "Muziki ulikuwa mzuri zaidi!" Hapo nikajua tumepatana. Diski ya harusi nilipoitoa chini ya godoro ilikuwa vipande viwili.

Mke wa Afande alininong'oneza bombani kwamba kile kielelezo mume wake amekitazama mpaka kimeanza kukwama. Mimi niliyekinunua, mwisho wake sijaujua. Wakiniuliza, "Mama Sinema, ile filamu ni kweli ama uongo?" nawajibu kwamba niliona kipande kimoja tu, na hicho, kwa bahati mbaya, ni cha kweli. Mikutano ikirudi nitakwenda tena kote kuwili, hilo siliachi, ila nimeapa nitacheza na gauni langu mwenyewe.