Stahiki Zote za Bi Sikudhani

Bi Sikudhani Jumbe alifagia shule ya msingi ya kijijini kwao, huko Kurui wilayani Kisarawe, kwa miaka thelathini na moja. Alipiga deki ofisi ya walimu, akachemsha chai, akazibua vyoo. Walimu wageni walimwita mama wa usafi, na wengi walihama bila kujua jina lake. Siku jina hilo lilipotajwa bungeni, lilitajwa lote, pamoja na la baba yake.

Aliyelitaja ni mbunge mmoja mwanamke aliyewahi kupita kijijini, akamkuta Bi Sikudhani kibarazani kwake, akamsikiliza kama dakika kumi. Akalibeba jambo lake hadi Dodoma, akalifanya swali la nyongeza.

"Mheshimiwa Spika, mama huyu amestaafu mikono mitupu. Je, Serikali haioni aibu?"

Naibu waziri alijibu bila hata kufunua karatasi ya pili. "Mheshimiwa Spika, nimhakikishie Mheshimiwa Mbunge, kumbukumbu zetu zinaonyesha kuwa mama huyo ameshalipwa stahiki zake zote."

Makofi yakapigwa. Spika akaita swali linalofuata.

Naibu waziri hakusema uongo. Mwaka juzi Bi Sikudhani alikwenda Kibaha mara tano kufuatilia mafao. Mara ya tano, binti wa dirishani alimweleza, macho yakiwa kwenye kompyuta, kwamba miaka yote ile alikuwa kibarua wa kamati ya shule. Ajira yenyewe aliipata miezi saba kabla ya kustaafu. Michango ya miezi saba haimpi mtu pensheni. Angerudishiwa tu alichokatwa. "Hiyo ndiyo stahiki yako, bibi," alisema binti, akamwita mwingine. Fedha ile ilinunua bati kumi na mbili, zikafunika nusu ya nyumba. Nusu nyingine ilibaki na makuti.

Kilichomweka hai, au kilichomweka mjini kama wasemavyo vijana, ni ruzuku ya kaya maskini. Kila baada ya miezi miwili alipokea kidogo, akanunua dawa za presha na unga. Ruzuku ikikatika, dawa zimekatika.

Lakini kipande cha video kutoka bungeni kiliingia kwenye simu za kijiji kizima, na kesho yake asubuhi mwalimu mkuu mwenyewe alibisha hodi. Mtu huyu kwa miaka tisa alikuwa akimwita kwa kugonga kalamu mezani.

"Shikamoo, Bi Sikudhani. Hongera sana, mama yetu."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Maneno alikuwa nayo: nililipwa za bati kumi na mbili, mwalimu, basi. Akamtazama alivyoinama kidogo akisubiri kukaribishwa, akasema, "Marahaba, baba. Nashukuru. Karibu kiti."

Baada yake walikuja wengine. Jirani yake Fadhila, aliyekua pamoja naye na kuchezwa naye ngoma ya unyago mwaka mmoja, alifika akiwa amejishika kiuno.

"Shoga, kumbe umekalia mamilioni! Na juzi umekuja kwangu kuomba chumvi!"

"Mambo mengine hayatangazwi, mwenzangu."

"Haya, Mama Mstaafu! Mimi si nitaambiwa siku ya kukuzika?"

Wakacheka wote wawili. Bi Sikudhani alichinja kuku wake wawili, akakopa mchele, akapika pilau la watu waliokuja kumpongeza. Kwa wiki moja alipita njiani akisalimiwa na watu waliokuwa wakimpita kama mti.

Wiki ya pili ukaitishwa mkutano wa hadhara wa kupitia orodha ya kaya maskini. Utaratibu wake kila mtu anaujua: mwenyekiti husoma jina, na wanakijiji husema mbele ya mwenyewe kama bado anastahili au hastahili. Nafasi ikiachwa wazi, hupendekezwa mwingine, na jirani wa karibu ndiye humsemea.

Mwenyekiti Hamza alipofika kwenye jina lake, alitabasamu, akaiweka simu yake kwenye kipaza sauti. Sauti ya naibu waziri ikasikika uwanja mzima: ameshalipwa stahiki zake zote.

"Bi mkubwa, una la kusema?"

Alisimama. "Nililipwa, lakini zilikuwa za bati kumi na mbili tu. Nilichangia miezi saba."

Kicheko kilianzia nyuma.

"Miaka thelathini na moja, miezi saba? Uongo nao una hesabu zake, bibi!"

"Na lile pilau lilipikwa kwa bati?"

"Bati anazo, tunaziona zinawaka!"

"Walisema nimelipwa," alisema Bi Sikudhani, "nikaona haya kuwakatalia." Hakuna aliyemsikia. Alimtafuta Fadhila kwa macho, kwa sababu Fadhila alijua usiku wa mvua vitanda vinahamishiwa wapi.

"Wanaosema hastahili, wanyooshe mikono," alisema Hamza.

Mikono ikanyooka. Wa Fadhila haukuwa wa kwanza, lakini ulinyooka, na alikuwa akitazama chini.

Jina likakatwa. Watu wa nyuma wakampendekeza Fadhila mwenyewe achukue nafasi, mjane asiye na shamba la maana, na wengi wakaitikia. Hamza akageuka.

"Jirani wa karibu ni wewe, Bi Sikudhani. Msemee mwenzio. Anastahili?"

Jumatatu Fadhila alikuwa amelala na njaa. Bi Sikudhani alijua, maana Jumanne waligawana muhogo mmoja.

"Ana binti Misugusugu," alisema. "Ana duka la vitenge pale barabarani. Kubwa. Muulizeni mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Ambalo hakulisema ni kwamba binti huyo alikuwa hajakanyaga Kurui kwa miaka sita, hatumi hata salamu, na alishabadilisha namba ya simu. Habari hiyo alikuwa nayo Bi Sikudhani peke yake; Fadhila alimlilia nayo kifuani, akamwapisha asimwambie mtu.

"Eti, Bi Fadhila?" aliuliza Hamza. "Binti bado ana duka?"

Fadhila alisimama taratibu. Akafungua mdomo, akautazama umati, wale wote waliokuwa wakimwita Mama Mwenye Duka na kumuulizia bei za vitenge. Angeweza kusema mwanangu amenitupa. Akaweka sawa mtandio wake.

"Ni kweli," alisema. "Mwanangu ana duka."

"Basi huyu naye ana pa kushika. Mwingine?"

Akatajwa mama mkwe wa mwenyekiti, na hakuna aliyepinga. Fadhila alibaki amesimama kama mtu aliyesahau namna ya kukaa. Bi Sikudhani aliketi, akajifunga vizuri khanga yake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akapumua hadi chini.