Maua ya Sadalla Chini ya Masizi

Mzee Sadalla alikuwa fundi wa vyuma vidogo vya magobore: pete za kufunga mtutu kwenye kitako, vifyatulio, skrubu, na vibao vya shaba vya kuzuia mbao isipasuke. Kazi hiyo aliifanyia barazani kwetu, Mtaa wa Msimbazi, na mimi nilikaanga vitumbua upande wa pili wa baraza hiyo hiyo. Kwa hiyo ninayoyasema sikuhadithiwa.

Kwanza mjue kwamba Sadalla hakuwahi kuona bunduki ikipigwa. Wateja wake walikuwa Waarabu wenye maduka hapo Kariakoo, akina Mzee Salem, ambao magobore ya babu zao yalitundikwa sebuleni karibu na saa ya ukutani. Bunduki hizo kama ziliua kitu, basi labda buibui. Zilitakiwa kung'aa tu, na kung'arisha ndiko Sadalla alikokujua. Alichora maua kwenye shaba kwa tindo ndogo, akaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ungeweza kupaka wanja kwa kuitazama. Kisha aligeuka akalitazama karai langu, jeusi tii kwa masizi ya miaka.

"Kizuri chajiuza, Bi Siti," aliniambia kila siku ya Mungu. "Kibaya chajitembeza."

Nilimjibu kwamba karai langu linalisha watu, shaba yake inalisha macho. Hakusikia. Mtu akijisifu masikio huziba.

Basi akaja Anselmi, mkulima wa Kisarawe, na gobore lake limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Pete ilikuwa imekatika, mtutu unacheza, na mahindi yake yameanza kubeba. Mwaka uliopita nyani walivuna kabla yake, na watoto wake wakamaliza msimu kwa mihogo mikavu. Mwaka huu hakuwa tayari kuvumilia hayo tena.

"Nitakufungia pete imara na nzuri," Sadalla akasema.

"Imara tu, fundi."

Kumwambia Sadalla "imara tu" ni kumwambia kuku asichakure. Anselmi alikuja, akarudishwa, akaja tena. Alipopewa gobore lake lilikuwa limevaa kama bibi harusi: pete zina mawaridi, kibao cha kitako kina jasmini, hata kifyatulio kimewekewa jani. Watu waliokuwa wanaelekea Mnazi Mmoja kwenye mkutano walisimama kulitazama, na maskini Anselmi akavimba kichwa, akaondoka nalo begani.

Alirudi mahindi yalipokuwa yanakomaa, uso umemshuka.

"Fundi, pete haichezi. Lakini nyani wananiona."

Akaeleza. Kila akiingia shambani jua likiwa juu, shaba inawaka. Nyani mlinzi aliye mtini anabweka, kundi zima linakimbilia msituni. Akigeuka kwenda zake, wanarudi mezani. Wahenga walisema nyani haoni kundule, lakini pete za Sadalla aliziona toka ng'ambo ya bonde.

"Si wanakimbia?" Sadalla akauliza. "Ulitaka nini zaidi?"

"Nilitaka wafe, fundi. Wamekula nusu ya shamba. Toa shaba hii, ama niende kwa Shaibu anifungie bati."

Shaibu alikuwa fundi wa vibatari. Sadalla alilikumbatia gobore kifuani kama mtoto anayetaka kuporwa. Akasema nyani wa Kisarawe hawana adabu. Kisha, Mungu ni shahidi wangu, akamshauri Anselmi awe anawinda siku za mawingu.

Hapo nilikasirika. Watoto wa mtu warudi kwenye mihogo mikavu kwa sababu ya mawaridi? Nililichukua gobore mikononi mwake, nikachovya kitambaa kwenye mafuta, nikakipitisha chini ya karai, nikayapaka maua yote mpaka jani la mwisho.

"Bi Siti, unaizika kazi yangu," Sadalla akasema.

"Naizika, ndiyo."

Baada ya mavuno Anselmi alishuka na gunia la mahindi, akaliweka miguuni pangu. Dume kubwa la nyani lilikuwa limeanguka, na kundi likahama bonde. Alikuja na jirani zake wawili, kila mmoja na gobore lake. Mmoja alimpita Sadalla aliyekaa na tindo yake mkononi, akauliza, "Yuko wapi yule mama wa masizi?"

Tangu siku hiyo kila bunduki ya shamba ilipitia kwenye karai langu. Wanaouliza huambiwa na Sadalla kwamba weusi ule ni siri ya babu yake aliyeileta kutoka Maskati. Mpangaji mmoja alipotaka kunisaidia kulisugua karai kwa mchanga, Sadalla ndiye aliyeruka kumzuia.

Ila hakuacha. Bado anachora mawaridi, bado anasugua kwa ndimu na majivu, ndipo ananiletea nipake. Siku moja nilimwuliza anamchorea nani, maana hakuna atakayeyaona.

"Mimi nimeyaona," akasema, akaninyooshea kitambaa.

Nilimhurumia, siwafichi. Nikayapaka masizi.