Kipande cha Katikati

Mwaka ule wa bendera mpya kila kitu kilikuwa na haraka, hata chuma. Tulikuwa tukijenga daraja juu ya korongo la mto, bara ya Kwale, nami nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni. Nusu mbili za tao zilikuwa zimechomoza kutoka kila ukingo, zimeshikwa nyuma kwa kamba za chuma. Kilichobaki ni kipande kimoja cha kuziunganisha katikati. Mgeni wa serikali angekuja kesho yake mchana kuona kikitiwa, kwa hiyo mkuu wa kazi, Mzungu aliyebaki baada ya uhuru, akataka tukijaribu kwanza.

Tulikijaribu adhuhuri. Hakikuingia.

"Mto umekataa," akasema fundi mkuu, mtu wa Msambweni. "Nani ajengaye juu ya maji ya wenyewe bila hata mbuzi?"

Mbuzi akachinjwa, Fatiha ikasomwa, tukala pilau. Hata mimi nilikula. Njaa haina mjadala. Kipande hakikuingia.

"Kikateni," mkuu akaamuru.

Nikakaa juu ya kipande.

"Ondoka, bwana digrii," fundi akacheka, gesi ya kukatia mkononi. "Utarudi kwenu Waa huna pa kukalia."

"Gusa tao kwanza."

Aligusa, akaurudisha mkono upesi.

"Jua limezirefusha nusu zote mbili, pengo limebana," nikasema. "Tukikipunguza sasa, alfajiri kitapwaya."

"Habari za joto nazijua," mkuu akasema. "Mgeni anakuja mchana, nacho lazima kiingie mchana. Ukikaa hapo, huna kazi."

"Basi sina kazi."

Sikusogea. Fundi akamtazama mkuu, akanitazama mimi, akaizima gesi. "Mie sikati mtoto wa watu," akasema. Hakuna aliyekata mpaka jua likatua.

Alfajiri, baada ya swala, chuma kikiwa baridi, kipande kiliingia taratibu, matundu ya bolti yakatazamana. Mafundi wakapiga takbiri.

"Wamwona mbuzi?" fundi akaniambia.

"Mbona jana hakufanya kazi, angali wa moto?"

Akacheka.

Mkuu hakucheka. Aliniambia niondoke kabla mgeni hajafika. Njia ya Waa ilikuwa upande uleule tuliosimama, sikuwa na haja ya kuvuka. Nikapanda juu ya tao, nikavuka hadi ng'ambo, nikavuka tena kurudi, yeye akitazama. Ndipo nikashika njia ya kwetu.