Nyimbo za Televisheni Bubu

Juzi nilipita Mchafukoge, pale lilipokuwa ghorofa letu. Siku hizi kuna jengo la vioo, na chini yake mtoto wa muuza mabegi alikuwa anacheza gemu kwenye simu iliyozimwa sauti. Nikajikuta nauimba wimbo wa darajani. Nilifika katikati, nikakwama.

Wimbo huo huujui, rafiki yangu, wala si kosa lako. Aliutunga dada yangu.

Tulipokuwa wadogo, bidhaa za nje ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kumiminika Kariakoo. Jirani yetu Mhindi, muuza vitambaa, aliletewa na nduguye wa Dubai gemu ya kuchomeka kwenye televisheni. Televisheni yenyewe ilikuwa kuukuu, spika imekufa, na fundi kila siku anasubiri kipuri. Basi watoto wa ghorofa zima tulijazana sebuleni kwake, mkewe akitugawia kachori, tukitazama kijitu kikirukaruka kimyakimya.

Dada hakuuweza ukimya ule. Bibi alikuwa ametupatia mchele tuuchambue. Dada akapanda nao juu kwa jirani, akaketi, ungo mapajani, akaanza kukiimbia kijitu. Darajani kilikuwa na wimbo wake, majini kilikuwa na mwingine, wa polepole, uliotutia huzuni hadi tukasahau kutafuna. Kikiruka, anarusha mchele. Kikifa, anautikisa ungo wote, shaaa! Hakuna aliyekubali kuanza kucheza kabla dada hajafika. Bibi akikuta mchele bado una mawe, anatikisa kichwa: "Ngoma ya watoto haikeshi." Lakini dada alishaamua. Akikua atatunga nyimbo za gemu, ndiyo iwe kazi yake, na mimi niliamini kabisa.

Kisha jirani akanunua televisheni mpya, akatuita wote. Alipoiwasha, gemu ikaimba yenyewe. Tulipigwa butwaa. Kijitu kilipofika darajani, dada akaanza wimbo wake kwa mazoea.

"We nyamaza bwana, hatusikii!" mtoto mmoja akamkaripia.

Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Siku ile bibi hakupata jiwe hata moja.

Hata hivyo alijaribu. Alimwendea jirani. "Shikamoo mjomba. Hizi nyimbo zinatungwa wapi?"

"Marahaba. Japani huko, binti. Mbali sana."

Mwalimu wa kwaya alisema hajawahi kuisikia kazi hiyo. Baba akasema dukani kwake kuna kazi tele. Hakuna aliyemkatalia kwa ubaya. Hakukuwa tu na mlango wa kubisha hodi. Inaniuma mpaka leo.

Juzi hiyohiyo nilimfuata dada Kariakoo, anakouza chaja na kava za simu. Nikamwimbia ile nusu, nikamwomba amalizie.

"Aa, ule wa darajani!" Akatabasamu, akauimba mpaka mwisho, sauti bado tamu.

Aliouimba ulikuwa ule wa gemu yenyewe, wa televisheni mpya. Sikumwambia. Wa kwake umebaki kwangu tu, tena nusu.